Miguu Inapita, Kabati Linakwama

Miaka kadhaa iliyopita niliandika sentensi ambayo leo nisingeiandika: "Reli pana hubeba treni kubwa, reli nyembamba hubeba treni ndogo." Niliiona iko sawa kabisa. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutunza njia za reli aliisoma, akanipigia simu jioni ileile. Hakugomba. Aliniuliza swali.

"Mwanangu, ukipita mlangoni umebeba kabati begani, kinachokwama ni miguu au ni kabati?"

"Ni kabati, Mzee."

"Basi wewe umepima miguu, ukatuambia umepima kabati."

Tuliongea karibu saa nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili popote ninapokutana nalo, na kila mara naliona kosa langu likirudiwa na wengine: kwenye habari, kwenye hotuba, hata kwenye maandishi ya watu waliosomea uchukuzi. Chanzo chake ni neno moja, geji, lililobebeshwa vitu viwili.

Geji ya kwanza ndiyo maarufu. Hii ni geji ya njia: nafasi kati ya reli moja na mwenzake, ikipimwa kutoka uso wa ndani wa reli hii hadi uso wa ndani wa ile. Ni namba moja tu. Milimita 1,435 ndiyo inayoitwa geji sanifu. Milimita 1,000 ni geji ya mita. Kuna 1,067 ya Japani na sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, 1,520 ya Urusi na majirani zake, 1,668 ya Hispania na Ureno, 1,676 ya India. Ukiwa na utepe wa kupimia unaweza kuipata ndani ya nusu dakika, na labda ndiyo sababu inapendwa.

Geji ya pili ni geji ya mzigo, na hii haiandikiki kwa namba moja kwa sababu ni mchoro. Ni umbo ambalo treni nzima, pamoja na kila ilichopakiwa, haina ruhusa ya kulizidi: upana wake chini karibu na magurudumu, upana wake kiunoni, kimo chake, na namna mabega yanavyopinda kuelekea paa. Ukisimama mbele ya treni ukachora mstari kuizunguka, na treni nyingine yoyote itakayopita njia hiyo ikawa lazima ienee ndani ya mstari huo, umeichora geji ya mzigo.

Jina hilo lilitokana na kifaa halisi, na mimi nakipenda kifaa hicho kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Kwenye yadi za mizigo za zamani kulisimamishwa nguzo yenye mkono, na kwenye mkono ule ukaning'inizwa upinde wa chuma juu ya reli. Behewa la wazi likishapakiwa, labda magogo, labda mashine, lilisukumwa polepole chini ya upinde. Mzigo ukigusa, upinde unacheza, na behewa haliondoki hadi mzigo upangwe upya. Hapakuwa na hesabu wala mjadala. Kama lingepita pale, lingepita chini ya madaraja na ndani ya mahandaki yote ya njia ile.

Mafundi wana pia umbo la tatu, lile la majengo. Hilo husema kuta za mahandaki, nguzo, madaraja na majukwaa ya stesheni visisogee karibu na njia kupita kiasi fulani. Kati ya umbo la treni na umbo la majengo lazima ibaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo uhai wa abiria wote. Mtu asiyeijua kazi anaweza kudhani ni nafasi iliyopotea bure. Nilidhani hivyo mimi pia, mpaka mwanangu alipojenga handaki.

Alikuwa na treni ya kuchezea, ile ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Akakata boksi, akapima upana wa behewa refu zaidi, akaongeza kidogo kila upande, akaliweka handaki lake kwenye kona. Kichwa cha treni kikapita vizuri. Behewa refu likasugua ukuta wa ndani kwa katikati yake, kisha pembe ya nyuma ikagonga ukuta wa nje, likaanguka. Alikasirika. Alirudia kupima, na kweli handaki lilikuwa pana kuliko behewa. Nilikaa naye sakafuni, tukalisogeza behewa kwa mkono, taratibu, ndipo wote wawili tukaona.

Behewa halipindi. Reli ndizo zinazopinda. Bogi mbili, yaani vile vigari vya magurudumu vilivyo chini ya behewa, zinafuata kona, lakini mwili ulio juu yake ni mnyoofu kama rula, hivyo tumbo lake hukata kona kwa ndani na ncha zake hutokeza nje. Kwenye reli za kweli si jambo la milimita. Chukua behewa ambalo vitovu vya bogi zake mbili viko umbali wa mita 19, uliingize kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 250. Katikati yake itaingia ndani ya kona kwa sentimita 18. Kona ikiwa laini, ya mita 500, inabaki sentimita 9. Ndiyo maana behewa fupi linaruhusiwa kuwa nene na behewa refu hulazimika kuwa jembamba, ingawa yote mawili yanapita njia moja. Ndiyo maana pia jukwaa lililojengwa kwenye kona huacha pengo kubwa kati ya mlango na ukingo, pengo ambalo abiria hulilaumu bila kujua kwamba lingezibwa, behewa lingelikwangua jukwaa.

Halafu kuna kuyumba. Springi zinalala, reli moja inazama kuliko mwenzake, magurudumu yanalika. Hapa ndipo lazima nikiri kwamba geji mbili hizi si wageni kabisa. Kwenye njia ya milimita 1,435, reli moja ikizama kwa milimita 10, behewa litahama karibu milimita 27 pale juu, mita 4 kutoka relini. Kwenye njia ya mita moja, mzamo uleule utalihamisha karibu milimita 38. Miguu iliyokaribiana humfanya mtu ayumbe zaidi, na reli ni hivyohivyo. Kwa hiyo geji ya njia inachangia, hasa treni inapokwenda kasi. Lakini kuchangia si kuamua, na sentensi yangu ya zamani ilidai inaamua.

Ushahidi mzito wa kunipinga ulikuwa wa chuma. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilijenga vichwa 34 vya treni aina ya Garratt, kundi la 59, kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Njia yake ilikuwa ya mita moja, lakini kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 252, na kipenyo cha boila kilizidi mara mbili ya upana wa njia iliyokibeba. Hakuna njia nyingine ya mita moja duniani iliyowahi kubeba kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hivyo. Ungejaribu kuvipitisha kwenye njia nyingi za Uingereza kule vilikotengenezwa, hata ungevibadilishia magurudumu, umbo lenyewe lingekataliwa mlangoni.

Uingereza ni kisa cha kusikitisha kidogo. Walitangulia, na waliotangulia walilipia. Walipochimba mahandaki yao ya kwanza katika miaka ya 1830 na 1840, mabehewa yalikuwa madogo, karibu na gari la farasi lililowekwa magurudumu ya chuma. Waliyajengea nyumba yenye ukubwa wake. Bara la Ulaya lilikuja baadaye likakubaliana makubwa zaidi: mkutano wa Berne wa 1912 ulipanga umbo la kimataifa lenye upana wa milimita 3,150 na kimo cha milimita 4,280. Mabehewa mengi ya abiria ya Uingereza yamebaki na upana wa mita 2.7 hadi 2.8. Geji ya njia pande zote mbili za mlango wa bahari unaoitenga Uingereza na Ufaransa ni ileile, milimita 1,435. Behewa la Uingereza linaweza kuvuka likatembea Ufaransa. La Ufaransa, mara nyingi, likifika Uingereza halitoki kwenye njia zile mpya zilizojengwa kwa vipimo vya bara.

Na hata ndani ya Uingereza penyewe kuna njia iliyonifundisha zaidi ya vitabu vyote. Ni ile ya kutoka Tonbridge kwenda Hastings, iliyofunguliwa yote mwaka 1852. Miaka mitatu baadaye sehemu ya handaki la Mountfield iliporomoka. Wakaguzi walipochunguza wakagundua kwamba wajenzi walikuwa wamelipwa kwa tabaka kadhaa za matofali na wakaweka chache kuliko walizolipwa. Si handaki hilo peke yake. Kurudia kuchimba kungegharimu mno, basi kampuni ikachagua njia iliyobaki: ikaongeza matofali kwa ndani. Mahandaki yakawa salama, yakawa pia membamba.

Hebu fikiria maana yake. Reli hazikuguswa. Geji ya njia ilibaki ileile kama ya nchi nzima. Lakini tangu siku hiyo treni za kawaida hazikuweza kupita, na kwa zaidi ya miaka 100 kampuni moja baada ya nyingine zililazimika kutengeneza mabehewa membamba kwa ajili ya njia hiyo moja. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakaachia wajukuu viti vyao, bado abiria wa Hastings walikuwa wanabanana kwa sababu ya matofali yaliyokosekana kabla babu zao hawajazaliwa. Suluhisho lilipatikana mwaka 1986, njia ilipowekewa umeme: kwenye mahandaki yale membamba waling'oa njia moja kati ya mbili, wakaiweka iliyobaki katikati, pale dari lilipo juu zaidi. Handaki halikupanuliwa hata kidogo. Treni ya kawaida ikapita, kwa kuhamishwa tu karibu na kilele cha tao.

Mara nyingi nikilieleza jambo hili mtu huniuliza: kwani geji ya njia si ndiyo ngumu kubadilisha? Mbona nchi zinahangaika nayo? Inahangaisha, ndiyo. Lakini tazama historia. Kusini mwa Marekani, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1886, takriban kilomita 18,500 za njia zilibadilishwa kutoka futi 5 hadi futi 4 na inchi 9, ndani ya siku hizo mbili. Walikuwa wamejiandaa kwa wiki nyingi: misumari ya ndani ilishapigwa mahali pake papya kwenye mataruma, mingine ilishang'olewa mapema. Siku ilipofika vikundi vya wafanyakazi vilienea kwenye njia, wakaisukuma reli moja inchi tatu ndani, wakapigilia. Uingereza nayo, wikendi moja ya Mei 1892, zaidi ya watu 4,000 walimaliza kuiondoa ile njia pana ya mhandisi Brunel, milimita 2,140, upande wa magharibi. Jumatatu treni za geji sanifu zilikuwa zinapita.

Siku hizi kuna treni zinazobadilisha upana wa magurudumu zenyewe. Zile za kampuni ya Talgo zilianza kuvuka kati ya njia za Hispania na za Ufaransa mwaka 1969, zikipita polepole kwenye kifaa kinachosogeza magurudumu huku abiria wamekaa. Mpakani Brest, kati ya Belarusi na Poland, kwa miaka mingi mabehewa yaliinuliwa na kubadilishiwa bogi. Miguu inabadilishika. Sijasikia mpaka wowote ambako behewa hupunguzwa mabega.

Kwa maana geji ya mzigo imeandikwa kwenye mwamba. Kuikuza ni kuchonga dari la kila handaki, au kuchimba sakafu yake uishushe njia, kuinua kila daraja la barabara, kusogeza kila jukwaa, kila nguzo ya taa, kila ukuta. Kosa moja katika kilomita 500 linatosha kuzifunga zote. Kampuni ya Norfolk Southern ya Marekani ilipotaka kupitisha kontena zilizopangwa mbili, moja juu ya nyingine, kutoka bandari ya Norfolk kuelekea magharibi ya kati, ilibidi mahandaki 28 milimani yarekebishwe, kazi iliyokamilika mwaka 2010. Reli zenyewe hazikuwa na tatizo.

Kontena ndizo zinazonionyesha tofauti hii kwa uwazi wa kuumiza. Kontena refu kwenda juu, lile la milimita 2,896, ni kitu kimoja dunia nzima. Marekani hupanga mawili, moja juu ya jingine, kwenye behewa lililozama katikati, na kilele chake kinazidi mita 6 kutoka relini. Uingereza, kontena hilo moja tu likiwekwa kwenye behewa la kawaida linahitaji njia iliyokwisha kupanuliwa kufikia kiwango cha geji ya mzigo kinachoitwa W10. Pasipopanuliwa, litafutiwe behewa lenye sakafu ya chini, au lipande lori. Upana wa njia ni milimita 1,435 huku na kule. Mtu akiniambia kwamba nchi fulani imejenga reli ya geji sanifu, bado sijajua kama itabeba kontena moja au mawili. Nahitaji kuuliza kuhusu madaraja.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Japani, kwa sababu pale geji moja ilibadilishwa na nyingine ikaachwa makusudi. Shinkansen, treni za kasi za nchi hiyo, zilianza mwaka 1964 kwenye njia mpya za milimita 1,435, na kwa kuwa kila kitu kilijengwa upya, mabehewa yakapewa upana wa mita 3.38, viti vitano kwa safu. Njia za zamani za nchi hiyo ni za milimita 1,067. Wakazi wa Yamagata walitaka treni ziwafikie moja kwa moja kutoka Tokyo bila kubadilisha. Kujenga njia mpya kabisa kungekuwa ghali sana. Wahandisi wakafanya jambo la busara: wakapanua njia ya zamani hadi 1,435, wakayaacha mahandaki, madaraja na majukwaa yalivyo. Huduma ikaanza 1992, na Akita ikafuata 1997.

Treni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina miguu ya Shinkansen na mabega ya treni ya kawaida: upana wa karibu mita 2.95, viti vinne kwa safu. Zinaunganishwa na Shinkansen kubwa na kukimbia pamoja kwenye njia kuu, halafu zinaachana njiani, ile nyembamba ikaingia njia ya zamani. Zinaposimama kwenye jukwaa la Shinkansen kubwa, kunabaki pengo kati ya mlango na jukwaa. Kwa hiyo chini ya kila mlango kuna kidaraja kinachojifungua treni inaposimama na kujikunja kabla haijaondoka. Kwangu mimi kidaraja kile ndicho tofauti yenyewe ya maneno haya mawili. Upana wake ndio kiasi ambacho geji ya njia haikuweza kukisema.

Mwaka 2014 Ufaransa iligundua kwamba treni mpya za mikoani zilikuwa pana mno kwa majukwaa takriban 1,300. Vipimo vilivyotolewa kwa watengenezaji vilikuwa vya majukwaa ya miongo ya karibuni; yale ya zamani yalikuwa yamesogelea njia zaidi. Kuyachonga kulikadiriwa kugharimu euro milioni 50. Hispania nayo, mwaka 2023, ilibainika kwamba treni 31 zilizoagizwa kwa ajili ya njia za geji ya mita za Asturias na Cantabria zingekuwa kubwa kwa baadhi ya mahandaki. Bahati yao ujenzi haukuwa umeanza. Viongozi wawili wa juu walijiuzulu. Katika visa vyote viwili magurudumu yangekaa relini barabara. Sisemi hivi kuwasuta. Najua jinsi kosa hilo linavyoingia, kwa sababu nililiandika kwa mkono wangu.

Ile treni ya mwanangu nayo ilikuwa na siri yake. Reli zake za milimita 16.5 hutumiwa na vipimo viwili tofauti: Ulaya na Marekani hutengeneza mabehewa ya kuchezea kwa moja kwa 87, Uingereza kwa moja kwa 76. Sababu ni ileile. Treni za kweli za Uingereza ni ndogo, na zikipunguzwa mara 87, mota za enzi hizo hazikuingia ndani ya kichwa. Watengenezaji wakaukuza mwili hadi moja kwa 76, reli wakaziacha. Ndiyo maana treni ya Uingereza ya kuchezea inaonekana imesimama kwenye miguu iliyobanana: kwa kipimo chake, reli zile ni sawa na milimita 1,250 hivi badala ya 1,435. Nilipomweleza alichukua treni mbili, ya kipimo hiki na ya kile, akazitazama kwa mbele, moja kila kiganja, kimya kwa muda mrefu.

Nikamsimulia pia jinsi njia za kweli zilivyokuwa zikikaguliwa: behewa lenye fremu ya umbo kamili, pembezoni limezungukwa na vijiti vinavyokunjika, likivutwa polepole handakini, na fundi anasoma ni kijiti kipi kimelala na kwa kiasi gani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa leza. Sisi hatukuwa na leza. Tulifunga penseli tatu kwenye behewa lake refu, moja katikati kwa upande wa ndani, mbili kwenye pembe za nje, tukatandika karatasi chini ya reli, akalisukuma behewa kuizunguka kona kwa kidole. Penseli zikachora mistari miwili ya kujipinda, mmoja kila upande wa njia, mbali na reli kuliko alivyotarajia. Akachukua mkasi. Kabla hajakata aliongeza milimita nne nje ya kila mstari, na nilipomuuliza za nini, akasema za kuyumba.